Ukuta wa Ngao Juu ya Meza: Mchezo wa Vita vya Kale Huchezwaje, na Dadu Zina Kazi Gani?

Jumapili moja jioni tulikuwa wanne sebuleni, tumeizunguka meza iliyotandikwa shuka la kijani, mzee wa nyumba ya jirani alipopiga hodi na kuingia kutujulia hali. Tulimwamkia, akaitikia, kisha macho yake yakatua kwenye dadu zilizotawanyika kando ya vizibo vya soda. "Wanangu," akauliza kwa upole, "na nyinyi mmeingia kwenye kamari?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa, kwa sababu mtu aliyezoea kuona dadu zikichezewa pesa hana sababu ya kudhani jambo jingine. Nilimjibu kwa maneno machache, lakini niliona hayakutosha, na tangu hapo nimeulizwa maswali ya aina hiyo mara nyingi. Wapo wanaodhani kuwa hii ni ludo ya watu wazima, wapo wanaodhani ni mchezo wa kompyuta uliohamishiwa mezani, na wapo wanaohofu kwamba ni ushabiki wa umwagaji damu. Kila dhana kati ya hizo imeshika kitu kidogo cha kweli na kuacha kikubwa, kwa hiyo nitaeleza mchezo wenyewe tangu mwanzo, nikitumia pambano moja la kweli, lile la Hastings huko Uingereza mwaka 1066, ambalo sisi tumelicheza mara nyingi kuliko jingine lolote.

Mchezo wa vita wa mezani ni mchezo ambamo watu wawili au zaidi huwakilisha majeshi mawili kwa vipande vidogo, huvisogeza juu ya uwanja kwa kipimo cha rula, na hufuata kanuni walizokubaliana ili kuona pambano lingeweza kwenda vipi. Kipande kimoja si askari mmoja. Ni kikosi, yaani mamia ya watu wanaotembea na kupigana pamoja. Zamu ni nafasi ya upande mmoja kusogeza vikosi vyake, kurusha mishale na kupigana kabla ya kuupisha upande wa pili. Kila kikosi kina nguvu, yaani kiasi cha mapigo kinachoweza kuvumilia, na kina moyo, yaani uwezo wa kubaki mahali pake wakati kila kitu kinamshawishi mtu akimbie. Neno hilo la mwisho ndilo linaloutenga mchezo huu na michezo mingine ya mezani tuliyokulia nayo.

Msomaji aliyezoea bao, drafti au sataranji anajua kwamba humo hakuna kilichofichika: mpinzani anaona kila kete ninayoiona, na kete ikishaliwa imeliwa. Hakuna kete ya drafti iliyowahi kuogopa. Hakuna farasi wa sataranji aliyewahi kuambiwa asonge mbele akakataa, wala askari wake wa mbele aliyewahi kumfukuza adui kwa hamaki hadi akapotea. Kamanda wa kweli hakuwahi kuwa na jeshi tiifu namna hiyo. Aliamuru watu waliochoka, wenye njaa, wasiosikia vizuri kwa sababu ya kelele, na mara nyingi hakujua kama amri yake imefika. Mchezo wa vita hujaribu kuirudisha hali hiyo mezani.

Jaribio hilo si la jana. Katika ufalme wa Prussia, ofisa kijana aitwaye Georg von Reisswitz aliendeleza mchezo uliobuniwa na baba yake, na mwaka 1824 kanuni zake zikapokewa na jeshi kwa ajili ya kuwafundisha maofisa. Walitumia ramani za uwiano wa 1:8,000, walikuwa na msimamizi aliyepokea amri za pande zote mbili, na walitumia dadu. Hili la dadu ninalikazia, kwa sababu wale hawakuwa watu waliotafuta burudani ya jioni. Walikuwa askari wa kazi walioona kwamba bila dadu wangewafundisha maofisa wao uongo, yaani kwamba mpango mzuri hufanikiwa kila mara. Baadaye, mwaka 1913, mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kanuni zake za kucheza na askari wa sanamu nyumbani, na tangu hapo mchezo ukaenea kwa raia wa kawaida.

Kilima cha mwaka 1066

Enzi za Kati za mwanzo ni kipindi cha historia ya Ulaya kinachoanzia kuanguka kwa dola ya Rumi ya Magharibi mwaka 476 na kufika karibu na mwaka 1000; kwa Uingereza, watu wengi hukiweka kikomo chake mwaka 1066. Nalichagua pambano la mwaka huo kwa wanaoanza, kwa sababu ni rahisi kuliona kichwani: upande mmoja uko juu ya kilima na hautaki kushuka, upande wa pili uko chini na hauna budi kupanda.

Mfalme Edward wa Uingereza alifariki tarehe 5 Januari 1066 bila kuacha mtoto, na siku iliyofuata Harold Godwinson akatawazwa. William, mtawala wa Normandy ng'ambo ya mlango wa bahari, alidai kwamba alikuwa ameahidiwa kiti hicho. Harald Hardrada, mfalme wa Norwei, naye alikuwa na madai yake, na ndiye aliyetangulia kutua, upande wa kaskazini. Harold alipanda na jeshi lake na kumshinda huko Stamford Bridge tarehe 25 Septemba. Siku tatu baadaye William akashuka pwani ya kusini, Pevensey, na Harold akalazimika kugeuka na kurudi chini mwendo wa kilomita mia kadhaa kumkabili. Tarehe 14 Oktoba, siku ya Jumamosi, majeshi hayo mawili yalikutana kilomita chache kutoka mji wa Hastings, mahali ambapo leo kuna mji mdogo unaoitwa Battle, yaani Pigano, na magofu ya abasia iliyoanzishwa na William mwenyewe.

Waingereza walishuka kwenye farasi wao na kupigana kwa miguu. Katikati walikuwa walinzi wa nyumba ya mfalme, askari wa kudumu waliovaa deraya za pete za chuma na kubeba mashoka ya mpini mrefu yaliyoshikwa kwa mikono miwili. Wengi waliobaki walikuwa watu walioitwa kutoka mashambani, na neno letu la mgambo linawafaa sana. Kumbukumbu za jimbo la Berkshire katika kitabu cha hesabu cha Domesday cha mwaka 1086 zinaeleza utaratibu wao: ardhi iligawanywa kwa kipimo kilichoitwa hide, na kila hide tano zilitoa askari mmoja, huku kila hide ikichanga shilingi nne kwa ajili ya chakula na ujira wake wa miezi miwili. Ukilijua hilo, kile kipande cha boksi mezani kinakuwa kijiji kilichochanga ili mtu wake mmoja aende.

Watu hawa walijipanga katika ukuta wa ngao. Usiwaze ukuta wa mawe. Waza mabati ya paa yanavyolaliana ukingo kwa ukingo ili maji yasipenye. Ngao ya kila mtu ilimkinga yeye na kiasi cha mwenzake, kwa hiyo usalama wako ulikuwa mkononi mwa jirani. Farasi naye ni mnyama mwenye akili: hakubali kirahisi kujirusha kwenye safu ya watu waliosimama imara na kumnyooshea ncha za mikuki. Ndiyo maana ukuta huu, ukiwa juu ya kilima, ungeweza kuwachosha askari wa farasi siku nzima, na kwa kweli pambano lilianza kama saa tatu asubuhi na kuendelea hadi giza lilipoanza kuingia.

William alikuwa na aina tatu za askari: wapiga upinde, askari wa miguu na askari wa farasi. Katika ule mtarizo maarufu wa Bayeux, kitambaa chenye urefu wa karibu mita 70 kilichotarizwa kwa nyuzi za sufu katika karne ile ile ya 11, wapiga upinde wa Kinormandi wanaonekana wengi, ilhali kwenye safu ya Waingereza ameonyeshwa mmoja tu. Tofauti hiyo ni kubwa sana kwa mchezo wetu, maana inampa mshambuliaji silaha isiyojibiwa.

Kuandaa meza

Watu wengi huukimbia mchezo huu kwa kudhani kwamba lazima wanunue sanamu za askari za milimita 28, wazipake rangi moja moja na kutumia pesa nyingi. Sanamu hizo ni nzuri, na anayezipenda ana haki ya kuzipenda, lakini hazihitajiki. Sisi tuliweka madaftari matatu chini ya shuka, tukapata kilima chenye urefu wa kama nusu mita kutoka ncha hadi ncha. Tulikata vipande vya boksi vya sentimita 8 kwa 4, vinane kwa kila upande, tukaviandika kwa kalamu ya wino mzito: kwa Harold, vikosi sita vya mgambo na viwili vya walinzi; kwa William, viwili vya wapiga upinde, vitatu vya miguu na vitatu vya farasi. Juu ya kila kipande tuliweka vizibo vinne, ambavyo ndivyo nguvu ya kikosi, na kila pigo linapoingia kizibo kimoja hutolewa. Ukihesabu, vikosi 16 vyenye vizibo vinne kila kimoja vinahitaji vizibo 64, idadi ile ile ya kete za bao la Kiswahili. Mwenye bao nyumbani ana jeshi zima tayari.

Mgambo sita waliopangwa kando kwa kando wanajaza kilima karibu chote, na walinzi wanasimama nyuma yao. Pembeni mwa kilima tunaweka vitambaa kuwakilisha miti na majimaji ambako farasi hapiti. Askari wa miguu hutembea sentimita 10 kwa zamu, farasi 20, na mshale hufika sentimita 20. Kila upande unapata zamu 12, ambazo zinagawanya ile siku ya Oktoba katika vipindi vya kama dakika 40. William asipouvunja ukuta kabla ya zamu ya 12 kwisha, giza limeingia na Harold ameshinda, kwa sababu mvamizi asiye na njia ya kurudi kwao hawezi kumudu sare.

Vikosi viwili vinapogusana, kila kimoja hutupa dadu sawa na vizibo vilivyobaki juu yake. Namba 5 au 6 ni pigo. Lakini kikosi kilicho kwenye ukuta wa ngao, yaani kilichosimama kilimani na kugusana na mwenzake walau upande mmoja, hupigwa kwa 6 peke yake. Walinzi wa mfalme, kwa sababu ya mashoka yao, hupiga kwa 4, 5 au 6. Wapiga upinde hutupa dadu mbili tu wakiwa mbali, na huhitaji 6. Hizo ndizo kanuni za mapigano, na mtoto wa darasa la tano huzishika kabla chai haijapoa.

Dadu inapojibu

Sasa turudi kwenye swali la yule mzee. Kamari ni kuweka kitu chako, pesa au mali, kikategemea jambo usiloweza kulibadilisha. Mezani petu hakuna kinachowekwa na hakuna anayeondoka na cha mwenzake. Hata hivyo, jibu hilo peke yake halielezi kwa nini dadu ziwepo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie nami kidogo.

Katika ludo dadu hutangulia na uamuzi hufuata: umepata nne, basi tafuta kete ya kuipeleka hatua nne. Katika mchezo wa vita mpangilio umegeuzwa. Unaamua kwanza ni kikosi gani kiende, kupitia wapi, kimshambulie nani na kwa wakati gani, na dadu huja mwisho kukueleza kilichotokea. Wajibu wako ni kupanga mambo ili jibu baya lisikuangamize na jibu zuri lisipotee bure.

Hesabu yake ni nyepesi. Kikosi kizima cha farasi, chenye dadu nne, kikiwashambulia mgambo walioshuka tambarare na kupoteza ukuta wao, hakiambulii kitu katika mtupo mmoja kati ya kama mitano. Kikosi hicho hicho kikiushambulia ukuta wa ngao kilimani hukosa kabisa karibu katika nusu ya mitupo yake. Hakuna aliyebadilisha dadu. Kilichobadilika ni mahali ambapo mchezaji alichagua kupigania. Kwa hiyo anayesema kwamba mchezo wa dadu ni bahati tupu anasahau kuuliza nani alichagua dadu hizo zitupwe wapi.

Kuna jambo jingine ambalo mama ntilie yeyote anaweza kulieleza vizuri kuliko mimi. Hajui kama mteja atakayeingia sasa hivi ataagiza wali au ugali, lakini mwezi ukiisha anajua vizuri sana anunue mchele kilo ngapi. Dadu moja ni yule mteja mmoja: haitabiriki. Dadu zote za mchezo mzima, ambazo katika zamu 12 hupita mia kwa urahisi, ni ule mwezi. Bahati mbaya ya mtupo mmoja inauma, na nimewahi kuona uso wa rafiki ukisinyaa kwa ajili yake, lakini mwisho wa jioni mara nyingi anayeshinda ni yule aliyepanga vizuri, na pale asiposhinda anaweza kukuonyesha kwa kidole zamu ambayo mambo yalimgeuka.

Moyo wa kikosi

Kanuni za kupigana zingeishia hapo tungekuwa na drafti yenye kelele. Kinachouleta mwaka 1066 mezani ni kanuni mbili ndogo zinazobaki.

Ya kwanza inahusu woga. Kikosi kikibakiwa na vizibo viwili au pungufu, kila kinapopoteza kingine hutupa dadu moja: mgambo wakipata 1 au 2 wanakimbia na kipande chao huondolewa mezani, walinzi hukimbia kwa 1 tu. Hapa wanaoanza hushangaa, kwa sababu kikosi kinaweza kutoka mezani kikiwa bado na vizibo juu yake. Lakini wanahistoria wengi wanaona kwamba katika mapambano ya namna ile watu hawakufa wengi safu mbili zilipokabiliana. Waliangamia upande mmoja ulipovunjika na kugeuza migongo. Ni kama kuvuta kamba: timu mbili zinaweza kukaa pale pale kwa muda mrefu, visigino vimezama mchangani, hadi mmoja atereze, na hapo wote wa upande wake huenda kwa pamoja ingawa mikono yao bado ina nguvu. Filamu zimetuzoesha kuona mashujaa wakikatana panga mmoja mmoja uwanja mzima. Ukuta wa ngao haukuwa na nafasi ya hilo, maana aliyetoka mstarini alimwacha mwenzake ubavu wazi.

Ya pili inahusu hamaki, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Kikosi cha adui kilicho mbele ya mgambo kikirudi nyuma, ama kwa kukimbia ama kwa sababu farasi wameamua kujiondoa, mgambo hao hutupa dadu. Wakipata 1, 2 au 3, wanaacha ukuta na kushuka sentimita 10 kumfukuza, mchezaji atake asitake. Walinzi hawafanyi hivyo kamwe.

Kanuni hii haikutoka hewani. Upande wa kushoto wa William walikuwa Wabretoni, watu wa Brittany iliyo jirani na Normandy, na katika siku ile walirudishwa nyuma kwa fujo; uvumi ukaenea kwamba William ameuawa, hata akalazimika kuinua kofia yake ya chuma ili watu wake wauone uso wake, tukio ambalo mtarizo wa Bayeux unalionyesha. Baadhi ya Waingereza walishuka kilima kuwafukuza, wakazingirwa na farasi huko chini na kuuawa. Waandishi wa upande wa Kinormandi wanasema kwamba baada ya hapo William aliwaamuru watu wake wajifanye kukimbia kwa makusudi, mara zaidi ya moja, ili kuuvuta ukuta ushuke. Wapo wanaotilia shaka kama kukimbia kote kulipangwa, lakini matokeo yake hayana ubishi: kila aliyeshuka aliacha pengo.

Mfalme anawakilishwa na kizibo kimoja cha rangi tofauti, kinachosimama pamoja na kikosi kimoja cha walinzi. Kikosi chochote kilicho ndani ya sentimita 10 kutoka kwake kinaweza kurudia mtupo wa woga au wa hamaki mara moja. Mgambo wenye nafasi ya nusu kwa nusu ya kuteremka hubaki na robo tu mfalme akiwa karibu. Lakini kilima kina urefu wa nusu mita na mfalme ni mmoja. Kila zamu Harold anapaswa kuchagua ni ncha ipi ya ukuta aiache bila sauti yake, na akiuawa, vikosi vyote vinatupa dadu ya woga kwa mkupuo mmoja. William naye ana kizibo chake kwa kanuni hiyo hiyo, ingawa yeye ana farasi na anafika upesi anakotakiwa.

Ile Jumapili tuliyotembelewa, tulikuwa zamu ya saba. Rafiki yetu aliyemwongoza Harold, fundi umeme mwenye subira isiyo ya kawaida, alikuwa ameuweka ukuta wake bila doa, akampeleka mfalme upande wa kushoto ambako mishale ilikuwa imeshatoa vizibo vinne. Upande wa kulia palikuwa na kikosi cha mgambo wazima, vizibo vyote vinne, hakijaguswa. Mpinzani wake akapeleka farasi pale, wakapigana bila kuumizana, kisha akawarudisha nyuma taratibu. "Tupa," akamwambia. Fundi akaishika dadu muda mrefu. Mwenzake wa upande ule ule akawa anamnong'oneza, "Wasishuke, kaka, wasishuke." Ikatoka mbili. Fundi mwenyewe akakisogeza kile kipande cha boksi kwa rula, sentimita 10 hasa, hadi chini ya ukingo wa daftari, na sote tukanyamaza, kwa sababu pengo la sentimita nane lililoachwa pale juu lilionekana wazi na kila mmoja alijua farasi watapitia wapi. Yule mzee, aliyekuwa bado amesimama mlangoni, akauliza, "Sasa kwa nini wameshuka, na wao ndio walikuwa wanashinda?" Sikuwahi kusikia mtu akiuelewa mchezo huu kwa haraka namna ile.

Dhana kwamba mchezo lazima uishie kama historia ilivyoishia nayo inafaa kuondolewa. Harold wa kweli alikufa siku ile, kama walivyokufa ndugu zake wawili, Gyrth na Leofwine, na William akatawazwa siku ya Krismasi ya mwaka ule ule. Harold wa mezani hushinda mara nyingi tu. Ramani haichori kila mti wala kila jiwe, na bado inakufikisha. Mchezo nao hauwezi kubeba tope, njaa na kiwewe cha siku ile, lakini unaweza kukuonyesha ni maamuzi gani yalikuwa mazito na kwa nini.

Kuhusu umwagaji damu, silichukulii swali hilo kwa wepesi. Katika ukanda wetu wapo watu ambao kwao neno vita si habari ya karne ya 11. Mwenzetu mmoja ambaye familia yake ilihama kwa sababu ya mapigano alitutazama mara moja, akasema kwa utaratibu kwamba hapendi, na jioni ile tuliviondoa vikosi tukacheza drafti kwa vizibo vile vile. Ni vyema kumuuliza mtu kabla ya kumwekea jeshi mbele yake. Kwa wanaotaka kucheza, mimi sijaona mchezo huu ukimfanya mtu atamani vita. Nimeona watu wakishangaa jinsi mipango mizuri inavyovurugika, na jinsi mgambo waliochangiwa shilingi nne nne wanavyoondoka mezani kwa kosa ambalo si lao.

Kwa anayeanza, tenga saa mbili, na mkiwa wanne gawaneni wawili wawili, kila mmoja aongoze nusu ya jeshi. Ubishi juu ya kanuni ukizuka, msiumalize kwa sauti. Tupeni dadu moja kuamua kwa siku hiyo, kisha andikeni uamuzi wenu kwa ajili ya siku nyingine. Na mchezo mmoja haujakamilika mpaka mbadilishane pande. Fundi wetu, baada ya kushindwa katika zamu ya kumi, alizunguka meza akaketi upande wa William, akainama hadi macho yake yakawa sawa na shuka, na kuanza kuyatazama kutoka chini yale madaftari matatu aliyokuwa ameyalinda jioni nzima.